Neno la dakika saba juu ya mapendo: namna ya kulitayarisha kwa arusi ya Bukavu

Ukiombwa useme neno kwenye arusi, iwe Ibanda, Kadutu ama Bagira, mitaa yetu ya Bukavu, usianze kwa kufungua Biblia. Uliza kwanza: ni siku gani? Ndoa zetu nyingi zina siku tatu, na neno linalofaa siku moja linaweza kuharibu nyingine.

Siku ya dote, yaani ya mali inayotolewa kwa ajili ya binti, wasemaji ni wa familia mbili, na kazi yao ni kupatanisha. Hapo dakika tatu zinatosha. Siku ya komine, ndoa ikiandikishwa kwenye ofisi ya serikali, mwenye neno ni afisa wa serikali. Wewe nenda ukasikilize tu, tena usikilize vizuri, maana sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawadai mume na mke wawe waaminifu, waheshimiane na kupendana. Wengi hawajui kwamba mapendo yameandikwa hata katika sheria ya nchi, na jioni utaweza kulitumia hilo bila kuonekana unahubiri. Kanisani anayehubiri ni padri au mchungaji. Neno lako ni la jioni, ukumbini, watu wakisubiri chakula. Ndiyo maana tunasema dakika saba. Kufika ya nane, macho yote yatakuwa yamehamia kwenye masufuria.

Dakika saba ni maneno mangapi? Msemaji wa arusi asiyekimbia husema maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Andika basi maneno 650, kwa mwandiko mkubwa. Kama kutakuwa na mtu wa kutafsiri kwa Kifaransa au kwa Mashi, gawa kwa mbili: maneno 320, si zaidi. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaandika neno zima, wanakuta mtafsiri amesimama kando yao, na dakika saba zinakuwa kumi na tano.

Chagua neno moja

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina nyumba yake. Usiyachanganye katika hotuba moja kama vile yote ni sawa.

Kwetu huku mashariki ya Kongo, neno la kanisani na la nyumbani ni mapendo. Hata watoto huitwa hivyo. Kwenye vitabu vya pwani na katika Biblia ya Union utakuta upendo. Ukisoma andiko lenye “upendo” kisha ukaendelea na “mapendo”, sema mara moja tu kwamba ni kitu kimoja, uendelee. Neno mapenzi lina sura mbili: katika Baba Yetu ya wengi, “mapenzi yako yatimizwe” ni matakwa ya Mungu, lakini “kufanya mapenzi” kila mtu anajua ni nini. Mbele ya bibi na bamukwe (wakwe), mapenzi huleta kicheko cha pembeni usichokitaka. Huba na mahaba yametoka Kiarabu. Ni maneno ya mashairi na ya nyimbo, matamu, ila ukiyasema Kadutu bila kuyaeleza, nusu ya ukumbi itabaki nje. Bolingo ni Kilingala, na watu watalisikia kwa raha kwa sababu rumba imelipeleka kila mahali. Rumba ya Kongo iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2021, na sehemu kubwa ya yale tunayojua kusema juu ya kupenda tumeyapata huko kabla ya kuyapata kitabuni. Mstari mmoja wa rumba unatosha. Ukiimba ubeti mzima, bendi itakuingilia.

Ukishachagua neno lako, fanya zoezi hili. Andika mzizi pend- katikati ya karatasi, halafu uzungushe watoto wake: penda, pendwa, pendana, pendeza, pendelea, pendekeza. Soma polepole. Pendana ndilo la arusi, kwa sababu ile -na inahitaji watu wawili; mtu hapendani peke yake. Pendeza ni la nguo na picha, litapita jioni hiyohiyo. Pendelea ni sumu ya nyumba: kupendelea ndugu zako kuliko za mwenzako, kupendelea mtoto mmoja. Ukieleza tofauti ya pendana na pendelea kwa sentensi nne zilizo wazi, tayari una theluthi moja ya neno lako, na hakuna aliyelisikia jumamosi iliyopita.

Maandiko: kila mstari una kwao

Kosa kubwa la wasemaji wa arusi ni kung’oa mstari mahali ulipoota na kuuleta ukumbini bila kuuliza ulisemwa na nani, kwa nani. Chukua Ruthu 1:16, “wewe uendako nitakwenda”. Bibi arusi husomewa hayo kama ahadi kwa mume. Lakini Ruthu hakuwa akisema na mume. Mume alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa akisema na Naomi, mama mkwe wake. Usiuache mstari huo, uugeuze: mwelekee mama wa bwana arusi, useme kwamba ahadi kali kuliko nyingi katika Agano la Kale ilitolewa na mkwe kwa mama mkwe. Ukumbi wa Bukavu utakaa kimya, kisha mama zetu watapiga vigelegele.

1 Wakorintho 13 ni vilevile. Paulo hakuiandika kwa ajili ya arusi. Aliwaandikia watu wa kanisa moja waliokuwa wakigombana kuhusu nani ana kipaji kikubwa. Ndiyo maana sura ya 12 na ya 14, zote mbili, zinazungumzia vipawa. Yaani ni andiko la watu waliokwisha kukosana. Likisomwa hivyo linawafaa maarusi kuliko likisomwa kama ua la plastiki. Angalia pia jinsi lilivyojengwa: katika Kigiriki, kutoka mstari wa 4 hadi wa 7, mapendo yanaelezwa kwa vitenzi 15. Hayaelezwi kwa sifa, yanaelezwa kwa yanayofanya na yasiyofanya. Kiswahili kina bahati hapa kwa sababu kina hu-: “upendo huvumilia, hufadhili”. Hu- ni ya jambo la kila siku, kama mama huamka, kama mvua hunyesha Bukavu. Lieleze hilo kwa sentensi mbili, halafu chagua kitenzi kimoja tu kati ya 15, ukae nacho. Mzuri kwa mji wa biashara ni “hauhesabu mabaya”, mstari wa 5, kwa sababu kitenzi cha Kigiriki kilichoko pale kinatumika pia kwa mahesabu. Kila mwenye duka anajua daftari la madeni. Mwambie bwana arusi kwamba nyumba inaweza kuwa na daftari la madeni ya sukari. Ya maneno makali, hapana.

Waefeso 5: watu huanzia mstari wa 22, wake watii. Anzia 21, unaosema wote wanyenyekeane, na usimalize kabla ya 25, ambapo mume anadaiwa kujitoa. Ukikata katikati umesema nusu ya andiko, na wanawake wa ukumbini watakujua.

Mwanzo 29:20 ni hatari siku ya dote. Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, ikawa machoni pake kama siku chache kwa vile alivyompenda. Kijana mwenye ng’ombe wa kutafuta atafurahi kuisikia. Lakini kila msomaji wa Biblia anajua kinachofuata: Labani, baba wa Raheli, alimpa Lea, dada yake Raheli, kwanza, na miaka saba mingine ikaongezwa. Ukiusoma mstari huo, umemkalisha baba wa binti kwenye kiti cha Labani. Uache.

Wimbo Ulio Bora soma 8:6-7, pale maji mengi yasipoweza kuuzima upendo. Kwa watu wanaoliona ziwa Kivu kila asubuhi, mfano huo hauhitaji maelezo. Sura ya 7 waachie maarusi waisome wenyewe, nyumbani.

Halafu kuna yale “mapendo ya aina nne” ya Kigiriki: agape (ya kujitoa), filia (ya urafiki), erosi (ya tamaa), storge (ya jamaa). Ni ya kweli kama maneno, ila yanatumiwa vibaya. Erosi haimo hata mara moja katika Agano Jipya, kwa hiyo usiseme “Biblia inafundisha aina nne”. Wala agape si neno takatifu kwa lenyewe: katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, ndilo linalotumika kwa Amnoni, aliyembaka dada yake Tamari, 2 Samweli 13, habari ambayo hakuna anayetaka kuisikia arusini. Neno halitakasi kitendo. Kama huna dakika mbili za kulieleza hilo, usiziguse zote nne.

Kama arusi ni ya Waislamu, au familia moja ni ya Waislamu, nenda Kurani 30:21, inayosema Mungu ameweka kati ya mume na mke mapenzi na huruma. Maneno mawili, wala si moja. Kaa kwenye la pili: siku ambayo la kwanza limechoka, la pili linapika chai. Kuna jambo la kuangalia pia kabla ya kutaja mahari. Katika Uislamu mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe, Kurani 4:4. Katika sheria ya familia ya Kongo, dote huenda kwa wazazi wa binti. Ukichanganya hivi viwili mbele ya familia mbili za dini tofauti, utakuwa umefungua mjadala uliofungwa kwa shida wiki tatu zilizopita. Uliza msemaji wa kila familia mapema. Tarakimu za ng’ombe au za dola usizitaje kabisa, hata kwa kusifu.

Fasihi: kidogo, tena ya kwako

Msemaji akitaka kuonekana amesoma, huleta mshairi wa Ulaya. Huna haja. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, mshairi wa pwani ya Kenya, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, na sehemu kubwa yake ni juu ya kuishi na mume. Unaweza kuutaja, ila taja pia kwamba ni mama anayemsemesha binti, katika nyumba ya zamani ya pwani. Beti za kumhudumia mume zikisomwa zenyewe zitasikika kama amri, na hazikuandikwa kwa ajili ya bwana arusi wa leo azishike mkononi.

Afadhali kuliko kunukuu, tunga beti mbili. Utenzi si mgumu. Ubeti una mistari minne, kila mstari mizani 8, yaani silabi 8. Mitatu ya kwanza inafanana mwisho, na wa nne una mwisho wake ambao utarudi katika kila ubeti. Mfano:

Leo hapa tumekuja
kuwatakia faraja
nyumba yenu iwe moja
hata siku ya kununa.

Bugali bukiungua
asiwepo wa kujua
sahani mtachukua
mle mkitazamana.

Hesabu mizani kwa vidole: Le-o-ha-pa-tu-me-ku-ja, nane. Kinachowaponza wengi ni ile m. Katika “mmoja” inahesabiwa peke yake, m-mo-ja, tatu. Katika “mtu”, m-tu, mbili. Lakini “mbuzi” ni mbu-zi tu, kwa sababu mb hutamkwa pamoja. Mstari ukizidi mizani moja, badilisha neno zima, usiukate kwa kumeza silabi. Ukumbini mikro (kipaza sauti) haimezi, itakutoa. Weka ndani ya ubeti kitu cha nyumba: bugali (ugali), bidoni (dumu la maji), chandarua, mlango. Ua na nyota vimechoka. Na usitunge zaidi ya beti tatu.

Methali moja inatosha. Kwa arusi inayounganisha familia kubwa, “ukipenda boga penda na ua lake” haishindwi, kwa sababu hapa ua ni wadogo zake, shangazi zake, na yule mjomba anayekuja bila kupiga simu. Yenye hatari ni “mapenzi ni kikohozi, hayafichiki”: inafaa wachumba, lakini mbele ya watu wanaojua historia ya bwana arusi, mtu atakohoa.

Maisha ya kila siku: theluthi ya mwisho

Hapa neno linapata miguu. Kabla ya arusi, piga simu mbili. Ya kwanza kwa rafiki wa bibi arusi, ya pili kwa mdogo wa bwana arusi. Uliza swali moja tu: “Ulimwona lini akimfanyia mwenzake kitu bila kuombwa?” Usiulize walikutana wapi, jibu lina watu wengine ndani. Utapewa vitu vidogo: alipandisha bidoni ya lita 20 siku bomba lilipokauka, alimtumia mayunite (salio la simu) wakati yeye mwenyewe hana, alikaa hospitalini usiku mzima na baba mkwe. Chagua kimoja kwa kila upande. Kimoja cha bwana tu, bila cha bibi, ni kosa ambalo familia ya binti haitalisahau.

Kisha omba ruhusa. Tuma ujumbe kwa maarusi: “Nitataja ile siku ya maji, ni sawa?” Wakisema hapana, ni hapana, hata kama ndiyo habari nzuri kuliko zote.

Haya yasiingie kabisa: wachumba wa zamani, pesa, nani alikuwa hakubali ndoa hii, na watoto. Kusema “mwaka ujao tukutane kwenye ubatizo” kunaonekana baraka, lakini kama mimba itachelewa, sentensi yako itarudiwa jikoni kwa miaka. Vita vimetawanya watu wengi wa Kivu, kwa hiyo usiseme “leo sote tuko hapa”. Sema “walio hapa na walio mbali”, pumua kidogo, endelea. Bila majina, bila maelezo. Kila familia itajaza yenyewe.

Kuliandika na kulisema

Panga hivi: salamu kwa sentensi moja (wazee kwanza, wazazi wa pande mbili kwa usawa, ukianza na upande wa binti kama wewe ni wa upande wa mwana, na kinyume chake); neno moja la mapendo na watoto wake; andiko moja na kwao; vitendo viwili ulivyovipata kwa simu; beti mbili; kaa chini. Salamu ndefu ndiyo mwizi mkubwa wa dakika. Ukianza kumtaja kila mheshimiwa, wa kumi na moja ambaye hukumtaja atakasirika, na dakika mbili zimekwenda.

Soma kwa sauti mara tatu ukiangalia saa. Mara ya kwanza utapita dakika tisa. Usiongeze mwendo, futa. Futa kwanza kila “kwa kweli”, kila “napenda kuchukua nafasi hii”, kila nomino nzito unayoweza kuigeuza kitenzi: “uvumilivu katika maisha ya ndoa” iwe “mvumiliane”. Neno litapungua bila kupoteza kitu.

Kwa mtafsiri: sentensi zisizidi maneno 12, na usisimame katikati ya methali, kwa sababu “ukipenda boga” peke yake itatafsiriwa kama habari ya chakula. Beti zisitafsiriwe kabisa. Mpe maana yake siku moja kabla, aiseme kwa sentensi moja baada yako.

Andika kwenye karatasi, hata kama una simu nzuri. Umeme ukikatika jenereta itachukua muda, na simu yenye mwanga usoni hukufanya uonekane unasoma ujumbe wa mtu. Tena itaita. Mikro ishike vidole vinne kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu. Ukiiweka karibu zaidi, kila p ya “pendana” itapasuka kwenye spika, na neno lako lina p nyingi. Usisimame mbele ya spika, italia.

Beba andiko la akiba. Katika arusi yenye wasemaji wanne, mmoja atakutangulia na 1 Wakorintho 13, karibu kila mara. Usirudie, wala usiseme “kama alivyosema aliyenitangulia” halafu ukarudia. Ruka moja kwa moja hadi Ruthu na mama mkwe, ambayo ni nadra mtu kuja nayo kwa namna hiyo. Kama na hiyo imechukuliwa, acha maandiko, panua vitendo viwili, uende kwenye beti. Ukimaliza mrudishie msimamizi wa sherehe mikro mkononi mwake, usiiweke mezani, na karatasi yako mpe bibi arusi. Mpe iliyofutwafutwa, hakuna haja ya kuinakili upya.